Gari la Ngowa Halikuwa na Mlango

Saa moja asubuhi, Makupa, Mombasa. Malori yamejipanga kuelekea bara, honi zimeshaanza kugombana, na chini ya banda la mabati nyuma ya maduka ya vipuri, Ngowa Kingi amepiga magoti kando ya gari lake. Ana chaki mkononi lakini hachori. Amekaa hivyo tangu tufike.

"Kukata bati si kazi," anasema bila kuinua macho. "Nimekata bati maisha yangu yote. Ila hili ni langu."

Gari lenyewe si la kuhadithiwa, ni la kuonwa. Ni la kijani cha chupa, boneti ndefu, taa mbili za mviringo zimetokeza mbele na madigadi yamejikunja vizuri juu ya magurudumu. Lina viti viwili tu, na halina paa. Hakuna kiwanda kilicholitoa. Ngowa aliliunda mwenyewe kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga, juu ya fremu ya Triumph Herald kuukuu, akalitia injini ya pikapu ya Datsun. Likipita Barabara ya Digo, watu huacha walichokuwa wakikisema.

Lina kila kitu, isipokuwa mlango. Ukitaka kuingia wainua mguu, wauvusha juu ya ubavu, kisha wajitumbukiza kitini. Mwandishi wa makala haya alijaribu na nusura aiache suruali yake pale. Ngowa alicheka kidogo.

Leo anataka kulikata ubavu wa kushoto, alitie mlango. Anautaka kwa ajili ya mkewe, Nyevu, ambaye hajawahi kulipanda gari hili hata siku moja.

Ngowa ana umri wa miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Waa, kusini ya Mombasa, akavuka feri akiwa kijana na kupata kazi ya kuosha magari katika gereji moja hapa kisiwani. Kila Jumamosi alikuja mhandisi mmoja Mzungu na gari la wazi la watu wawili. Akirudi kulichukua, alikuja mbio, akashika ubavu kwa mkono mmoja, akaruka ndani.

"Nikimtazama nilikuwa nasahau maji yanamwagika," anakumbuka. "Nikasema moyoni, nami siku moja nitaruka vile."

Kijana huyo akawa fundi wa bodi. Mwaka 1986 akaanza kulijenga gari lake, kila Ijumaa baada ya sala na kila sikukuu, kwa pesa za kuungaunga. Kunyoosha mlango wa matatu humpatia shilingi mia nne, na si kila siku matatu hugongwa. Lilimchukua miaka sita.

Viti alivishona Nyevu, ambaye alikuwa fundi wa nguo nyumbani kwao Tudor. Alichagua ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee, akavijaza sufi iliyotoka Waa. Ngozi ilikuwa nene, cherehani ikashindwa, kwa hiyo alivishona kwa mkono, sindano ikimchoma vidole. Siku moja akauliza mlango utakaa wapi. Mumewe akamjibu kwamba magari ya namna hii hayana mlango, ndivyo yalivyo. Nyevu hakuwahi kuliona jingine, akaamini.

Gari lilipokamilika, mwaka 1992, Nyevu alikuwa Kibokoni, Mji wa Kale, kwa dada yake. Ngowa akaona amfuate kule kule, mji umwone. Ilikuwa baada ya alasiri, barazani wanaume wamejaa, kahawa yazunguka. Akaegesha mlangoni kwa shemeji yake, akapiga honi.

Nyevu akatoka na buibui lake, amejifukiza udi. Akalizunguka gari. Ndipo alipoelewa kwamba ili apande itambidi apandishe buibui na kuuvusha mguu mbele ya baraza nzima, wakwe na wazee wakitazama. Alisimama pale kidogo, mkono juu ya ubavu wa gari. Kisha akageuka, akarudi ndani.

Barazani mtu mmoja akakohoa. Mwingine akasema bwana, gari zuri, lakini labda umelijengea wanaume. Wakacheka.

Ngowa anasema alihisi uso wake ukiwaka. Badala ya kumfuata mkewe ndani na kumwomba radhi, alipaza sauti pale pale barabarani, baraza yote ikimsikia, dirishani Nyevu akimsikia pia.

"Nilisema, kama hutaki, wapo wanaotaka." Anaiweka chaki chini. "Neno hilo nalijutia mpaka leo. Mtu amenishonea viti kwa vidole vyake, nami namwambia hivyo."

Na wanaotaka walikuwepo kweli. Mabwana harusi wa Mji wa Kale walilikodi kwa shilingi elfu moja kwenda msikitini, maana bwana harusi mwenye kanzu safi akiruka ndani, vijana hushangilia. Marafiki walipanda. Wapiga picha walipanda. Kiti cha kushoto kimekaliwa na nusu ya Mombasa, na aliyekishona amekuwa akilisikia tu gari likiingia uani.

Miaka mitatu iliyopita, Nicodemus, karani wa reli anayependa magari ya zamani, alimletea fundi habari isiyompendeza. Magari kama lile la mhandisi, alisema, yalikuwa na milango, midogo, na vitasa vyake viko ndani. Yule Mzungu hakuitumia tu, kwa ujana na maringo.

"Mimi nilimwona akiruka," asema Ngowa. "Sikumwona akifungua, nikadhani hapafunguliwi."

Hapo ndipo alipopaswa kulikata. Hakulikata. Alijiambia bodi italegea, umbo litaharibika, mabwana harusi watalikimbia. Ukimbana zaidi anakiri kwamba hizo zote zilikuwa porojo: fundi anayenyoosha milango ya watu kutwa hashindwi na mlango mmoja. Alichokuwa akikiogopa ni baraza ya Kibokoni kusema, enhe, tulimwambia.

Kisha ukaja ugonjwa wa sukari. Nyevu alianza kulalamika kwamba uzi hauingii tunduni, mwaka uliofuata cherehani ikafunikwa kitambaa, na sasa, katikati ya mwaka huu wa 1998, daktari amewaambia wasitarajie macho kurudi. Mchana jua likiwa kali bado anaona umbo na rangi. Jioni haoni kitu. Ngowa hakupewa tarehe, lakini anajua mlango huu ukichelewa tena, mkewe atapanda gari asiloweza kuliona.

Saa tatu kasoro anachora mstari. Anaushika msumeno wa chuma na hasiti tena. Bati linalia, vumbi la kijani linamwagikia miguuni. Akishakata anachomelea bomba la chuma kwa chini ili bodi isilegee, halafu anakipunguza kile kipande alichokitoa, anakipiga bawaba mbili. Wateja wawili wanakuja, anawaambia warudi kesho. Adhuhuri anaiacha kazi aende sala ya Ijumaa, akirudi anavaa tena miwani ya kuchomelea.

Alasiri Nyevu anafika, akiongozwa na binti yao mkubwa, Mejumaa. Ngowa anaufungua mlango. Haujapakwa rangi, kingo zimeungua na moto, lakini unafunguka na kufungika. Nyevu anaupapasa, anageuka kwa utulivu, anakaa kwanza, kisha anaingiza miguu, buibui limetulia mahali pake. Kiganja chake kinapita juu ya kiti, kwenye mishono.

"Baba Mejumaa, kazi hii imekuchukua muda gani?" anauliza.

"Tangu asubuhi."

"Leo?"

"Leo, Mama Mejumaa."

Mejumaa anatazama pembeni. Nyevu hajakasirika, na pengine Ngowa angependa akasirike.

"Mimi miaka yote hii nilidhani haiwezekani," anasema. "Ndiyo maana sikukuuliza tena."

Ngowa anautia mlango kitasa, anakitoa, anakitia tena. Baadaye, mkewe akiwa bado amekaa kitini, anatuvuta kando na kutueleza mpango wake. Keshokutwa, Jumapili, saa nne asubuhi jua likiwa kali, atampeleka Barabara ya Mama Ngina, watu waendako kupunga upepo. Atakwenda polepole. Kila watakachokipita atamwambia jina lake, na kile ambacho Nyevu bado anakiona atamwacha akiseme yeye.

Tunamuuliza kama kufikia Jumapili rangi ya mlango itakuwa imekauka.

"Rangi siingoji," anasema.