Mguu Mlangoni Mbele ya Mama Mkwe

Mgongo ulinikamata kijijini Mchombe, uwanjani kwa mama mkwe, mbele ya gunia la mpunga. Nilikuwa fundi cherehani pale Mlabani, mjini Ifakara, mtu wa kukaa kitako kutwa nzima, na nilitaka mama mkwe aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu dhaifu. Nikainama, nikalikumbatia gunia, nikalinyanyua hadi magotini. Kitu kikalia kiunoni. Gunia likashuka, mimi nikabaki nimeinama vilevile, na hivyo ndivyo nilivyorudishwa Ifakara kwenye gari la mizigo, nimepiga magoti juu ya magunia kama mtu anayeungama.

Hospitali walisema ni diski, kile kigegedu laini kilichopo katikati ya pingili za mgongo. Kilikuwa kimetokeza na kubana mshipa wa fahamu. Nilipewa dawa, nikakatazwa cherehani, na maumivu yalipopungua nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Alinilaza chali, akajaribu kuuinua mguu wangu ukiwa umenyooka. Haukufika mbali.

"Fundi, huu mguu au mchi?"

Akanieleza kwamba misuli ya nyuma ya mapaja imefupika kwa sababu ya kukaa miaka mingi. Nikiinama, nyonga hazitaki kujikunja, na mgongo unafanya kazi yote peke yake. Dawa yake ilikuwa kulala chali mlangoni, mguu mmoja unyooke sakafuni kuelekea nje, mwingine uegemee juu kwenye fremu, nihesabu mpaka thelathini, kisha nibadilishe.

"Ukisikia kuvutwa, vumilia," alisema. "Ukisikia kama umeme unashuka mpaka unyayoni, acha."

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vyenye mlango mmoja. Katikati lilikuwa pazia. Na mlango wenyewe ulitazama njia ya kwenda bombani. Siku ya kwanza akina mama wenye ndoo walinipa pole. Siku ya pili mmoja alimwuliza mke wangu kama tumegombana.

Siku ya nne mke wangu alikuwa sokoni, na mimi nimefika ishirini na mbili, kivuli kikaniangukia. Alikuwa mama mkwe, ana kuku mkononi, amekuja kunijulia hali. Mtu aliyelelewa vizuri akimwona mama mkwe hujisogeza kando na kuinamisha macho. Mimi nilikuwa chali, mguu juu, katika bukta iliyofumuka ambayo fundi mzima nilikuwa sijapata nafasi ya kuishona.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka sakafuni.

Aligeuka upesi, akautazama mpapai wa jirani kwa muda mrefu.

"Marahaba," akauambia mpapai. "Mwenzako yuko wapi?"

"Sokoni, mama. Hili ni zoezi. Nimeandikiwa hospitali."

"Zoezi la kuzuia wageni?"

"La mgongo. Bado nane."

Akasubiri, amenipa kisogo, nami nikahesabu nane kwa sauti ili ajue sifanyi mchezo.

Alikaa kwetu mpaka siku yangu ya kurudi hospitali, na akasema lazima anisindikize, amwone mtu anayelaza wanaume milangoni. Mtaalamu aliniambia niiname polepole, tuone nafika wapi. Nilifika chini kidogo ya magoti. Kwa mazoea nikamkabidhi futi yangu ya kupimia nguo, akapima kutoka vidoleni hadi sakafuni: inchi kumi na tano.

"Hiyo tu?" aliuliza mama mkwe kutoka kwenye benchi.

Akasimama, akakaza kanga yake, akainama kuanzia nyonga, magoti yamenyooka na mgongo umelala kama meza, jinsi anavyopalilia mpunga kila mwaka. Akaweka viganja vyote viwili kwenye saruji.

"Nihesabu ngapi?" akauliza akiwa hukohuko chini.

Mtaalamu aliwaita wenzake wawili waje kumwona. Mmoja akamwuliza umri wake.

"Sijui. Lakini huyu ni mume wa binti yangu wa sita."

Badala ya kurudi Mchombe, tangu siku hiyo alijipa kazi ya kunisimamia. Aliketi nje kwenye kigoda, akiutazama mpapai kwa heshima, na kunihesabia kwa lugha ya kwao. Mimi si mtu wa huko. Niliona thelathini zimerefuka sana, nikamwuliza mke wangu, naye akacheka mpaka akakaa chini: mama alikuwa akifika ishirini na tisa anarudi kumi.

Nikamlalamikia.

"Mguu wako unapenda kubembelezwa, baba," alisema. "Mimi siubembelezi."

Baada ya miezi michache inchi zilikuwa zimebaki nne. Nikarudi kwenye cherehani, nikawa nasimama kila nikimaliza mshono mrefu. Mavuno yalipofika tulikwenda Mchombe. Magunia sikuyagusa, lakini asubuhi nilipoinama kufunga kamba za viatu, mama mkwe alimwita jirani yake aje aone. Yule bibi alikuja na ungo wake, akanitazama nikifunga kiatu cha kwanza, kisha cha pili.

"Sasa hapo," akauliza, "niangalie nini?"