Niletee Ikiwa ya Moto

Fundi wa kijiji chetu hiki cha Katalunya hagusi pikipiki ya kupanda miamba ikiwa imepoa, hata umlilie. Jumamosi Oriol alishusha yake garini. Ikipata moto, ukiizima haiwaki tena, na mashindano yalikuwa kesho yake.

"Imelala hiyo! Ipandishe mlimani, uniletee ikiungua!" fundi alifoka.

Oriol aliporudi nayo ikiwa ya moto, fundi alifungua plagi, akainusa, akatukana. Ilikuwa imelowa petroli. Akafungua kabureta, akakunja kidogo ulimi wa boya la ndani kwa kidole gumba chenye kovu, petroli isifurike. Mafundi wezi wa madukani siku hizi wangemuuzia Oriol kabureta mpya.

Kiki moja, ikawaka. Oriol akaanza kuisukuma kuelekea garini.

"Izime! Kuwaka mara moja hata huyu mzee anaweza," alisema fundi akijigonga kifua.

Oriol akaizima, akafumba macho, akapiga kiki. Ikawaka.

"Sasa potea," alisema fundi.