Kidole cha Dalali na Nyuzi za Besi

Katika soko la mifugo la Garissa bei haitamkwi. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema: kidole kizima kina hesabu yake, nusu kidole ina yake. Kulow alirithi kazi hiyo kwa baba yake, na baba kwa babu. Kwa miaka thelathini hakuna mfugaji aliyerudi kulalamika.

Jioni alipiga gitaa la besi la mtindo wa zamani, lenye rangi ya chai ya maziwa, katika bendi ndogo ya arusi. Ukoo ulilivumilia tu. Rahmo, mjane wa kaka yake, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa ameweka sharti moja: gitaa lisiingie sokoni.

Kwa ajili ya arusi ya Alhamisi, Noordin, mpiga kinanda na kiongozi wa bendi, alileta pakiti mbili za nyuzi kutoka Nairobi. Za kwanza zilikuwa zimezungushiwa waya wa mviringo. Zilikwaruza kama msasa na sauti yake ilikuwa kali. Za pili zilizungushiwa utepe bapa wa chuma, laini, zenye sauti nzito na fupi.

"Chukua hizi kali, adeer," alisema Noordin, akimwita ami kwa Kisomali. "Hizo laini zinakoroma kama ngamia mwenye mafua."

"Mtoto wa mjini wewe, ngamia umemwona wapi?"

"Kwenye sufuria."

Kulow alicheka, akachukua zile kali. Alitaka naye asikike kijana. Kufikia Jumanne jioni kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, kilikuwa kimetoa lengelenge na likapasuka. Akakifunga plasta.

Jumatano ni siku ya soko. Bulle, mfugaji wa Kotile, alimkabidhi mafahali watatu na kumnong'oneza bei yake ya mwisho. Mnunuzi mgeni akaingiza mkono chini ya shuka, akabana. Kulow alisikia kidole kizima. Akampiga mgeni kiganja, na kiganja kikishapigwa, biashara haivunjwi.

Mgeni alipotoa pesa, hazikufika bei ya Bulle. Alikuwa amebana nusu.

Bulle hakumtazama mgeni. "Kulow, mkono wa baba yako haukuwahi kunifanyia hivi."

Chini ya shuka hakuna shahidi. Kulow angesema mgeni amegeuka, na soko lote lingemwamini. Waliomzunguka walikuwa wakingoja aseme hivyo. Akalitupa shuka begani, akainua kidole.

"Mgeni amesema kweli. Kidole hiki kilikuwa kiziwi."

"Kimepatwa na nini?" Bulle akauliza.

"Gitaa."

Kicheko kikafika hadi kwa wauza majani. "Leo dalali ametuuzia wimbo!" mtu akapaza sauti. Kulow akaenda zizini kwake, akamletea Bulle mtamba kufidia kilichopungua. Bulle alimpokea, akaondoka bila kusema kama atarudi.

Habari ilimfikia Rahmo kabla ya adhuhuri.

"Shemeji, watacheka na watachoka," alimwambia. "Lakini Bulle akihamia kwa dalali mwingine, nani atabaki kwetu?"

"Niliuze gitaa?"

"Sikusema hivyo. Nimesema mkono huo si wako peke yako."

Kulow akazifungua nyuzi kali, akafunga zile bapa. Alizipitishia vidole visivyo na kidonda, kimoja baada ya kingine. Ziliteleza kama pembe iliyosuguliwa.

"Utasikika kama moyo wa mgonjwa," Noordin alilalamika.

"Moyo kazi yake kupiga. Nani anauomba uimbe?"

Arusini alipiga kwa kidole gumba, kile cha shahada kikipumzika. Watu walicheza. Hakuna aliyeuliza habari za nyuzi.

Jumatano iliyofuata Bulle alirudi na mafahali wawili. Hakutoa salamu. Aliushika mkono wa Kulow hadharani, akakikagua kidole pingili kwa pingili, kama akaguaye kwato. Kisha akalivuta shuka la Kulow mwenyewe, akaifunika mikono yao, akabana.

"Umesikia nini?"

"Nusu."

Akabana tena, kidogo sana.

"Hapo umenifinya tu, mzee. Hiyo si bei."

Bulle akatoa mkono, akamkabidhi kamba za mafahali.

"Wa'alaikum salaam," Kulow akasema, ingawa hakuwa amesalimiwa.