Iliki Katika Debe la Uani

Keti nikueleze kwa nini nusura nigombane na nyumba nzima, vyumba sita, kwa ajili ya mche mmoja wa iliki.

Tulikuwa tumepanga Kariakoo, miaka ya hamsini. Mche huo alinipa mama yangu nilipoolewa. Aliung'oa nyuma ya nyumba yetu Uluguru, chini ya miti mikubwa ambako jua la mchana halifiki, akaniambia, "Nikija, nikute umechipua." Nikaupanda katika debe, nikauweka uani.

Mwaka ule bibi mwenye nyumba aliondoa makuti, akaezeka bati, na ua ukawa tanuri. Majani yakaungua kingo. Mashina saba yakabaki manne, kisha mawili, na mama alishaleta habari kwamba yuko njiani.

Adhuhuri moja nikaona kisa chake. Wapangaji wote walikuwa wakitawadhia juu ya debe langu, maji yasipotee bure.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia mwenye nyumba, birika mkononi mwake.

"Marahaba, mwanangu. Mti wako una kiu."

"Hauna kiu, bibi. Unapikwa."

"Unapikwa! Kwani kisamvu?"

Wakacheka. Nikaeleza taratibu: jua linapasha debe, debe linapasha maji, mizizi inaiva. Wakaitikia kwa adabu, na kesho yake wakatawadhia palepale. Nikaeleza tena. Siku ya tatu nikaweka kigoda mbele ya debe kuwazuia. Wakanishukuru kwa kuwapatia pa kukalia wakiosha miguu.

Hapo subira ikaniishia. Nikamshika bibi mkono, nikaubandika ubavuni mwa debe.

"Ala! Unaniunguza!"

"Na mizizi imo humo kutwa, bibi."

Akauchopoa mkono. Kisha akawageukia wapangaji kwa ukali, "Nani kati yenu anamwaga maji hapa mchana?" Wote tukamtazama. Yeye mwenyewe akaenda kuchambua makuti yaliyobaki, akasimamisha kibanda kando ya mtungi wa maji, akalihamishia debe humo na kulivika gunia bichi.

Mama alipofika, palikuwa na chipukizi moja, urefu wa kidole. Aliinama akalinusa. Bibi ndiye aliyesema, kwamba mimea inahitaji mtu anayeijua.

Basi nawe, ukipanda chochote kwenye debe, lishike ubavuni saa sita mchana. Likikuunguza, lisogeze kivulini kwanza. Maji yangoje jioni.