Nani Anakaa Nyuma?

Fundi wa shoki za magari pale Lodwar hakuulizi gari ni la mwaka gani. Anakuuliza, "Nani anakaa nyuma?" Viganja vyake vipana vimekolea grisi, na kila gari likifika huvikandamiza juu ya buti, akaachia, akahesabu kwa midomo bila sauti gari likinesa. La Rael lilinesa mara tano; shoki zilikuwa zimekwisha. Rael alitaka shoki za gesi, ngumu, za kudumu. Lakini Jumamosi lazima ampeleke mamake hadi Kakuma kwa harusi ya kitinda mimba wake, na mama huyo, aliyepasuliwa mgongo, ameapa hapandi tena gari hilo linalomtwanga kama kinu.

"Mama Natasha, hili gari linabeba watu au mawe?" fundi akamwuliza Rael. Akafunga za gesi mbele, kwenye uzito wa injini, na zile laini za mafuta nyuma. Kisha akang'oa kiti cha nyuma, akaketi juu ya bati tupu, akafumba macho. "Endesha. Pita pale kwenye laga."

Rael akapita juu ya mawe ya laga, ule mto mkavu. Kwenye kioo alimwona fundi amejishika kiuno kama ajuza, anasikiliza kwa mgongo. Mara uso wote ukamlegea, akatabasamu.

Waliporudi, mamake Rael, aliyekuwa akiwatazama kutoka benchi la gereji, alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani.

"Nimekuona ulivyokaa," akamwambia fundi. "Rudisha hicho kiti. Jumamosi ni mbali, sisi tunaenda leo."