Spika za Nyota Tano Nilizomnunulia Baba

Nakumbuka siku moja alasiri nilifika nyumbani Nyegina bila kutoa taarifa, nikamkuta baba yangu amebana redio yake ya zamani sikioni. Pembeni yake, seti ya muziki niliyomletea, spika mbili ndefu na amplifaya, ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nilisimama mlangoni, nikashindwa hata kupiga hodi.

Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu nimesikia unataka kununua spika za gharama kwa kuwa jarida limezipa nyota tano. Sikucheki. Mimi mwenyewe nilipita hapo.

Baba alikuwa mvuvi, macho yakamwishia kabla ya uzee, na tangu hapo dunia alikuwa anaipata kwa masikio tu. Mimi nilikuwa mwalimu kijana kule Buhare. Nilikuwaga na maringo ya kujua Kiingereza, Mungu anisamehe. Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa akipata majarida ya nje yanayopima vyombo vya muziki, nami nikayasoma mpaka nikawa nayaota. Nikadunduliza akiba nimnunulie baba kilicho bora kuliko vyote.

Kabla ya kuagiza nilipita Iringo kwa Fundi Ramadhani, mzee aliyekuwa akitengeneza redio za mji mzima, nimwonyeshe ukurasa wa jarida uliozipa nyota tano spika nilizotaka kumnunulia baba. Kusema kweli nilitaka anisifu.

Akavaa miwani, akafunua taratibu. "Mwalimu, nionyeshe humu chombo kilichopata nyota moja."

Nikatafuta. Hakikuwepo. Vyote vilikuwa na nne au tano.

"Na hili tangazo kubwa hapa pembeni ni la nani?"

Lilikuwa la watengenezaji wa spika zilezile.

"Sisemi mwandishi ni mwongo," akasema. "Nasema mlete mzee asikilize kwanza. Masikio ni yake."

Nikaudhika. Nilimwona fundi wa mtaani asiyejua mambo makubwa, nikaondoka bila kuaga vizuri. Nikaagiza.

Seti ilipofika, baba aliipapasa kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniombea. Kila nilipompigia simu kumuuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Inaimba vizuri, mama." Miezi sita nilitembea kifua mbele.

Sasa alasiri ile ndiyo nikajua. Nikaingia, nikakaa miguuni pake. "Baba, mbona hutumii?"

Akaishusha redio sikioni. "Muziki unapigaga vizuri, mama. Ila watu wakiongea siwapati. Sauti inavuma chumba kizima, maneno yanazama." Kisha akanitafuta kichwa kwa kiganja chake. "Umehangaika sana kwa ajili yangu. Ningekuambiaje?"

Mwanangu, nililia kama mtoto. Si kwa ajili ya akiba yangu. Nililia kwa sababu katika kumtafutia zawadi nilimuuliza kila mtu, hata mzungu nisiyemjua, isipokuwa yeye. Na mzee wa watu akakaa miezi sita na upweke wake ili nisione aibu.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Iringo. Fundi Ramadhani hakunikumbusha lolote. Alimkalisha baba kwenye benchi, akamwashia redio moja, akabadilisha, akamwashia nyingine, taarifa ya habari ikiendelea. Kwenye ya nne, spika moja tu ndani ya boksi la mbao alilolichonga mwenyewe, baba akainua mkono. "Hii. Huyu mtangazaji ana mafua." Tukacheka wote watatu. Ile redio alikaa nayo mpaka alipofariki.

Ile seti niliipeleka Bunda kwa dada yangu, sebule yake ina zulia, mapazia mazito na makochi makubwa. Tulipoiwasha nikaduwaa. Ilikuwa tamu kweli. Yule mwandishi hakunidanganya kuhusu alichosikia. Alikisikia chumbani kwake, kwa masikio yake, huku jarida lake likiishi kwa matangazo ya watu anaowapima. Hakumjua baba yangu, wala sakafu yetu ya saruji na bati letu. Kumjua baba ilikuwa kazi yangu.

Basi jarida lisome, mwanangu, usilidharau. Lakini tazama nani analilipia, na kama halijawahi kutaja chombo kibaya hata kimoja, nyota zake zipunguze mwenyewe. Kisha nenda dukani na wimbo unaoujua vizuri, usikilize bila haraka, na kama kitu ni cha kumpa mtu, mtangulize mwenyewe asikilize. Mtaalamu akikupa ushauri usioupenda, hasa yule asiye na cha kukuuzia, kaa chini umsikie.

Mungu akujalie masikio mazima na moyo wa kuuliza. Uwapendao wasiogope kukuambia ukweli, na utakachowaletea kiwafae. Amina.