Vidonda vya Tumbo

Mimi ndiye niliyempa mume wangu vidonda vya tumbo. Sikumpikia kitu kibaya. Nilimpa kwa mdomo wangu, mbele ya daktari, katika zahanati moja hapa Suna, na daktari akaandika.

Daktari mwenyewe alikuwa kijana mpole. Alimuuliza mume wangu maswali mawili matatu, akajibiwa kwa kichwa tu. Kisha akanigeukia. "Mama, huyu mzee haumwi tumbo. Ana jambo moyoni." Nikamwambia najua. Nikamwambia pia kwamba fomu ya bima inapitia shuleni ninakofundisha, mwalimu mkuu huisoma ndipo aipige muhuri, na kabla ya chai ya saa nne walimu wote watakuwa wanajua mume wa mwalimu wa Kiswahili ameharibika kichwa. "Andika vidonda vya tumbo," nikasema. "Tumbo halina aibu."

Tulipotoka nje nilimsimamisha mume wangu kwenye ukuta, nikamwekea kiganja chini kidogo ya mbavu, upande wa kushoto. "Ukiulizwa, ni hapa. Umesikia, Baba? Ni tumbo, na ni hapa." Akaitikia kwa kichwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mume wangu alikuwa akinunua samaki, omena na mbuta, kisiwani Remba na kuuza huku bara, yeye na mdogo wake. Mwaka juzi mashua yao ilipinduka wakirudi. Mume wangu aliokolewa. Mdogo wake alipatikana siku ya tatu. Tangu mazishi, mume wangu aliacha kunena. Si kwamba alikuwa bubu. Angekuambia chumvi imekwisha. Lakini la mashua hakulisema kwa mtu yeyote, usingizi ukamhama, akaacha kula samaki, na nikifungulia mfereji ndoo ijae, alinyanyuka akaenda kusimama barabarani mpaka maji yanyamaze.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga, yeye ni Mjaluo wa Homa Bay. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu kinawachekesha watu, na Kikuria chake afadhali anyamaze. Kwao wananiita nyar Kuria, binti wa Wakuria, na kwa kawaida jina hilo halinisumbui. Lakini baada ya matanga mama mkwe alisema mwanawe ana chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa nyumbani mwake, na aliposema hivyo alikuwa akinitazama mimi. Yawa! Mwanamke mgeni, mume haneni, halali. Ningeongezea na karatasi ya daktari inayosema ni akili? Nilichagua tumbo. Niliona nimefanya ujanja.

Zahanati tulikwenda mara tatu, na mara zote tatu nikasema tumbo. Mara ya nne yule daktari alikataa kuandika dawa. Alinipa jina la mshauri nasaha mmoja mjini Homa Bay, mama wa makamo, akasema, "Mpeleke huyu akaongee."

Chumba cha mshauri kilikuwa na dirisha linalotazama ziwa. Siku ya kwanza mume wangu aligeuza kiti, akalipa dirisha kisogo. Yule mama akageuza na chake. Wiki ya kwanza waliongea habari za bei ya samaki. Wiki ya pili, habari za baba yao. Wiki ya nne niliitwa niingie niketi nao, na nikiwa pale, mume wangu akasema, akiangalia mikono yake, "Nilikuwa nimemshika mkono."

Basi. Hakuongeza. Mshauri akamwambia kwa upole, "Umefanya kazi kubwa leo. Wiki ijayo tutaanzia hapo hapo."

Siku hiyo, tukiwa sokoni, mume wangu aliagiza samaki wa kukaanga. Alikula mkia na kipande cha ubavu, akanipa kichwa kwa sababu anajua nakipenda. Nililia palepale kwa mama muuza samaki, nikasingizia pilipili.

Wiki ijayo haikufika. Barua ya bima ilikuja kwanza: maombi ya ushauri nasaha yamekataliwa, kwani mgonjwa anatibiwa tumbo, na mazungumzo si tiba ya vidonda vya tumbo. Kujilipia hatukuweza. Mshauri alitaka kumwona bure, kituo chake kikamkatalia.

Mtu mwenye akili angesema ukweli siku hiyo hiyo. Mimi nina hasira, na hasira ni nzuri sana kwa mtu asiyetaka kusema ukweli. Nilipiga simu. Niliwafokea wale watoto wa huduma kwa wateja mpaka mmoja akaniomba msamaha. Nikakata rufaa kwa barua ndefu, Kiingereza cha kuvunja meza, nikieleza kwamba mawazo ndiyo yaliyomletea mume wangu vidonda, kwa hiyo kutibu mawazo ni kutibu vidonda. Nilijiona wakili. Baada ya wiki saba wakajibu: mgonjwa hana rekodi hata moja ya ugonjwa wa akili. Rufaa ya pili ndiyo itakuwa ya mwisho, na iambatanishwe na barua ya daktari wa kwanza pamoja na maelezo ya mwenye kadi, yaani mimi, yakiwa na muhuri wa mwajiri.

Ile barua niliiweka chini ya madaftari ya insha, ikakaa huko mwezi mzima na zaidi. Nao watoto wa darasa la nane nilikuwa nikiwafundisha methali. Mficha maradhi, nawaanzishia. Kifo humuumbua, wanamalizia wote kwa sauti moja, nami naandika ubaoni bila haya yoyote.

Na nyumbani tumbo lilikuwa limeota mizizi. Jirani alileta maziwa. Wamama wa kanisani walileta maji ya kabichi na maombi. Niliacha pilipili na maharagwe ili uongo usimame vizuri, na mume wangu akameza vidonge vya vidonda asubuhi na jioni kama alivyoandikiwa. Mwanzoni watu wakimuuliza nilikuwa nikimjibia. Kisha akaanza kujibu mwenyewe. "Ni tumbo tu," anasema, na mkono anauweka chini ya mbavu. Mama mkwe alipokuja, mume wangu alimwambia hivyo hivyo, kwa Kijaluo, na mama akashusha pumzi kwa sababu tumbo lina dawa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, angalau sasa anajibu watu.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Asubuhi moja ya Jumapili mvua ilinyesha kubwa, maji yakawa yanamiminika kutoka paani, naye hakutoka. Alibaki amekaa, amefumba macho, anajikanda tumbo. Nikaelewa kwamba hata ile njia ya kwenda kusimama barabarani nilikuwa nimeiziba.

Kesho yake nilikwenda kwa yule daktari. Kumbe kwenye fomu aliandika nilivyotaka, lakini kwenye faili lake aliandika alichokiona: halali, haneni, anaogopa maji. Alinipa barua bila kunilaumu. Ya kwangu niliiandika ukurasa mmoja, kwamba nilidanganya na kwa nini, nikampelekea mwalimu mkuu ofisini na kusimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Aliisoma mara mbili. Akavuta pedi ya wino, akapiga muhuri, akapuliza ukauke.

"Mwalimu," akasema, "shule hii kila mtu ana vidonda vya tumbo." Halafu, bila kuniangalia, "Hata mke wangu."

Jamani! Mwaka mzima nilimwogopa mtu huyu.

Rufaa ilikubaliwa. Ujumbe ulinikuta darasani, nikawaachia watoto kazi ya ufahamu, nikaenda kulia nyuma ya vyoo. Mume wangu alivaa shati lake la kanisani. Njia nzima nilikuwa nikimwambia, sasa Baba utamalizia yale, yule mama anakungoja, na yeye ananiitikia, "Sawa, Mama. Sawa."

Chumba kilikuwa kile kile, na kiti kilitazama dirisha. Niliangalia kama atakigeuza. Hakukigeuza. Alikaa akilitazama ziwa lote, na mashua zilikuwamo, na usoni pake hapakuwa na kitu.

Mshauri alifungua daftari lake lile la zamani, akatafuta ukurasa. "Nilikuahidi tutaanzia tulipoachia," akamwambia. "Uliniambia ulikuwa umemshika mkono."

Mume wangu akanigeukia, akanitazama kama mtu anayetaka kuhakikisha hajakosea, mimi nikamwitikia kwa kichwa kumtia moyo, nikamwambia, "Sema tu, Baba."

"Ni tumbo tu, daktari," akasema. Na kiganja akakiweka chini kidogo ya mbavu, upande wa kushoto, pale pale nilipomwonyesha.